Kuvu, Mizizi na Kuta: Habari za Uoto Katika Magofu ya Kilwa

Mwanafunzi anapotajiwa Kilwa, huletewa kwanza majina ya masultani, dhahabu ya Sofala, sarafu za shaba zilizopigwa kisiwani, na ule mwezi wa Julai mwaka 1505 ambapo Wareno wa Francisco d'Almeida waliingia mjini na kupora. Hayo yote ni haki yake kuyajua. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipanda mashua Kilwa Masoko na kuvuka hadi Kisiwani, kitu cha kwanza kitakachomkabili hakitakuwa sultani wala Mreno, bali majani. Ataona majani kwenye nyufa za Gereza, majani juu ya kuta za Makutani, mbuyu uliojitwalia ua wa nyumba ambayo mwenyewe hajulikani, na penye kivuli, juu ya lipu iliyopigwa miaka 600 iliyopita, ataona utando wa kijani ambao ukiugusa baada ya mvua hutoa maji kama sifongo.

Wageni wengi hupita mbele ya majani hayo bila kuyatazama, au huyatazama kama pambo la magofu. Baadhi hata huyapenda, kwa kuwa picha hupendeza zaidi jiwe likiwa na ukijani. Sisi tunaona kwamba uoto huo una historia yake, na kwamba historia hiyo haitengani na ile ya watu wa Kilwa. Kila jani lililo juu ya ukuta linatuambia mkono fulani ulikoma lini kufanya kazi fulani. Basi katika kurasa hizi tunakusudia kueleza jinsi watu wa kale walivyozuia uoto usiingie katika majengo yao, jinsi ulivyoingia walipopungua, na taabu waliyoipata wale waliojaribu kuuondoa tangu wakati huo hadi leo.

Yatupasa kuanza na namna majengo yalivyojengwa, kwa sababu udhaifu na nguvu zake zimo humo. Waashi wa Kilwa hawakuwa na mawe ya milimani. Walikuwa na matumbawe. Yale magumu ya nchi kavu waliyavunja vipande na kuyapanga ndani ya ukuta. Yale laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi waliyachonga mihrabu, miimo ya milango na mapambo, kwa kuwa tumbawe bichi hukatika kwa urahisi na hukaza likikauka. Matumbawe hayo hayo waliyachoma juu ya rundo la kuni wakapata chokaa. Jambo hili lafaa kuelezwa vizuri darasani. Tumbawe likichomwa hutoa hewa yake ya ukaa na kubaki chokaa mbichi. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka na kulainika. Nayo ikishapigwa ukutani huivuta tena hewa ya ukaa, polepole, hata ikarudi kuwa jiwe. Ukuta wa Kilwa, kwa hiyo, ni tumbawe lililoshikwa na tumbawe.

Juu ya kuta hizo ziliwekwa boriti za mikoko, na juu ya boriti tabaka nene la mawe na chokaa lililoshindiliwa mpaka likawa sakafu ngumu. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale, Kisiwani na Songo Mnara pia, ni virefu na vyembamba. Paa la namna hiyo ni zito mno, lakini maadamu li zima, ukuta ulio chini yake ni mkavu. Maji ya mvua hayaupati utosi wa ukuta. Ubavu wake nao ulifunikwa kwa lipu, na juu ya lipu hupakwa chokaa nyeupe.

Kupaka huko ndiko tunakotaka msomaji akuzingatie. Chokaa mpya ni kali. Utando wa kijani hauoti juu yake kwa urahisi, na mbegu haipati pa kushika. Lakini ukali huo hauishi daima. Mvua huiosha chokaa na hewa huibadilisha, na baada ya misimu michache ukuta uliopakwa huwa sawa na jiwe jingine lolote. Hivyo yambidi mwenye nyumba arudie. Hata leo, katika vijiji vingi vya pwani yetu, misikiti hupakwa chokaa mwezi wa Ramadhani unapokaribia, na watoto hutumwa kung'oa majani yaliyoota kwenye ngazi na kando ya kisima. Mtu akiwauliza kwa nini wafanya hivyo watamjibu kwamba ni usafi na heshima ya nyumba ya Mungu. Jibu hilo ni la kweli. Lakini pia ndiyo namna ya kutunza jengo la matumbawe, nasi hatuoni sababu ya kudhani kwamba watu wa Kilwa ya karne ya 14 waliishi kinyume chake. Tena kazi hii haikuachiwa mwashi mwenye jina. Ilifanywa na wanawake, watoto, watumwa na watumishi wa msikiti, na ndiyo maana haikuandikwa popote.

Kazi hiyo ilipolegea, hata watu wa zama zile walipata hasara. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331, aliupanua Msikiti Mkuu kwa fahari kubwa. Upanuzi huo haukudumu. Taarifa ya kale ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kwamba msikiti ulianguka, na watu wakawa wanasali chini ya mahema, mpaka ulipojengwa upya zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Nguzo zenye pembe nane ambazo mgeni huzitazama leo ni za matengenezo hayo ya pili. Twawaomba walimu wasiipite habari hii upesi. Mji uliokuwa tajiri kuliko miji yote ya mwambao huu ulikaa miaka mingi ukisali chini ya mahema karibu na msikiti ulioporomoka, kwa kuwa utajiri wa kujenga ni kitu kimoja, na uwezo wa kutunza ni kingine.

Husuni Kubwa ni mfano mwingine, wenye huzuni zaidi. Jumba hilo la al-Hasan bin Sulaiman, pamoja na birika lake la kuogea la pembe nane, lilijengwa juu ya jabali linaloitazama bahari, mashariki ya mji. Uchunguzi wa wanaakiolojia unaonyesha kwamba baadhi ya sehemu zake hazikumalizwa kamwe, na kwamba halikukaliwa muda mrefu. Maana yake ni kwamba halikupata vizazi vya watu wa kulipaka chokaa. Uoto ulianza kuliandama mapema kuliko jengo lolote kubwa la kisiwa hiki.

Halafu mji wote ulipungua. Wareno waliondoka mwaka 1512, lakini njia za biashara zilikuwa zimeharibika. Katika karne ya 18 masultani wa Kilwa walipata nguvu mpya kidogo kutokana na biashara ya pembe na, kwa aibu ya zama zile, ya watumwa. Jumba la Makutani lilitumika wakati huo, na Waomani wakaijenga Gereza tuionayo. Karne ya 19 ilipoingia, biashara ilihamia bara, Kilwa Kivinje, na Kisiwani wakabaki wavuvi na wakulima. Hawakuwa wachache kiasi cha kukifanya kisiwa kuwa pori, wala hawakuwa wengi kiasi cha kupaka chokaa mji uliojengwa kwa ajili ya maelfu.

Sasa tueleze uoto wenyewe unavyoingia, maana huja kwa zamu, na ye yote asiyeijua zamu hiyo hawezi kuuzuia.

Kwanza hufika utando mwembamba wa kijani, au mweusi pale jua linapouchoma. Huu ni viumbe vidogo jamii ya mwani, ambavyo havihitaji udongo. Unyevu na mwanga vyawatosha. Pamoja nao huja kuvumwani, yaani kuvu na mwani vilivyoungana na kuishi kama kitu kimoja, vikionekana kama mabaka ya kijivu, meupe au ya rangi ya chungwa juu ya jiwe. Kuvumwani hukua polepole sana, lakini hutoa asidi, na asidi ni adui wa chokaa. Mahali kilipokaa miaka mingi, uso wa lipu huwa umeliwa vidogo vidogo. Zamu ya tatu ni ya vile vijani vifupi vilivyosongamana kama zulia, ambavyo watu wengi huvijumlisha na hivyo vya kwanza kwa jina la kuvu. Hivi havina mizizi ya kweli. Hujishikiza tu kwa nywele laini, na peke yake haviwezi kupasua ukuta. Madhara yake ni mengine: hushika maji. Ukuta ambao ungalikauka kwa siku moja ya jua la kusi hubaki mbichi chini ya zulia hilo kwa siku nyingi, na vijani vilivyokufa huoza vikawa udongo.

Udongo huo, hata ukiwa wa kimo cha kucha ya kidole, ndio mlango wa zamu ya nne. Ninga na popo hula matunda ya mikuyu na miti ya jamii yake, kisha huja kupumzika juu ya ukuta. Mbegu iliyomo katika kinyesi chao huangukia katika zulia lenye unyevu, nayo huota. Mche wa mkuyu juu ya ukuta huonekana mdogo na wa kupendeza. Mizizi yake, lakini, hairidhiki na udongo wa kimo cha kucha. Huteremka katikati ya mawe ikitafuta ardhi, na ikishaifikia hunenepa. Mzizi mnene kama mkono wa mtu hauna huruma kwa chokaa ya karne ya 15. Ukuta hutumbuka, mawe ya nje hutengana na ya ndani, na masika yajayo maji huingia katikati.

Hapo twaweza kuona kwa nini Msikiti Mdogo wa Kuba umesalimika vizuri kuliko majirani zake. Paa lake si la boriti. Ni la kuba na matao, na maji huteremka juu yake badala ya kutuama. Palipo pakavu zamu ya kwanza huchelewa, na zamu ya kwanza ikichelewa nyingine zote huchelewa.

Wasomaji wetu waliopata kusoma au kusafiri Uingereza huenda wamesikia kwamba huko watu hupigana na vijani vya zulia katika viwanja vya michezo, hasa vile viwanja laini vya majani vya mchezo wa kuviringisha matufe, ambapo tufe likipita penye kijani kinene hupotea njia. Viwanja vyetu vya mpira havina taabu hiyo, jua likiwa bwana. Adui wetu sisi ni vumbi. Wenzetu wale humwaga chumvi ya chuma iitwayo salfeti, vijani vikageuka vyeusi na kufa, kisha huvikwangua kwa reki. Lakini watunzaji wazoefu wa viwanja hivyo husema kwamba dawa hiyo pekee ni kazi bure. Kama ardhi imeshindiliwa, maji hayapiti, na miti imeziba mwanga, vijani vitarudi baada ya majira machache. Hutoboa ardhi, huelekeza maji, hupunguza kivuli. Fundisho hilo la maji na kivuli lafaa Kilwa kama lilivyo. Dawa yao haifai kabisa: salfeti ya chuma juu ya jiwe la matumbawe huacha doa la kutu ambalo halitoki.

Majaribio ya kuyalinda magofu kwa nguvu ya sheria yalianza wakati wa ukoloni, kwa Sheria ndogo ya Hifadhi ya Makumbusho ya mwaka 1937. Karatasi ile haikufyeka hata kichaka kimoja. Kazi ya mikono ilianza hasa Idara ya Mambo ya Kale ilipopata mhifadhi wake wa kwanza mwaka 1957, naye ni Neville Chittick, aliyeendelea kuchimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake kikubwa cha juzuu mbili mwaka 1974. Jina la Chittick limo katika kila maktaba. Lakini kabla ya jembe la kwanza la mwanaakiolojia kuingia ardhini ilibidi pori liondolewe, na walioliondoa walikuwa wanakijiji wa Kisiwani kwa mapanga na mafyekeo. Baada ya uhuru, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, iliyaweka magofu haya mikononi mwa taifa, na mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yakaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kufyeka, hata hivyo, si kutunza, na hapa hapana budi tuseme makosa yaliyotendeka, maana yangali yanatendeka sehemu nyingi za pwani. Kosa la kwanza ni la kung'oa. Mtu aonapo mti juu ya ukuta hupenda kuuvuta utoke mzima na mizizi yake, kama ang'oavyo magugu shambani. Lakini mzizi uliokaa miaka 50 ndani ya ukuta umekuwa sehemu ya ukuta. Umekwisha kuila chokaa na kuchukua nafasi yake. Ukiutoa kwa nguvu, mawe hufuatana nao. Njia iliyo salama ni kuukata mti usawa wa ukuta, kuuacha mzizi ufe mahali pake, kukata tena kila unapochipua, na kujaza chokaa mpya katika tundu kadiri mzizi unavyooza na kunywea. Ni kazi ya miaka, wala haina siku ya kuzinduliwa.

Kosa la pili ni la saruji. Kwa muda mrefu saruji ilionekana kuwa ndiyo maendeleo yenyewe, na waashi wengi walisahau namna ya kuchoma na kulaza chokaa. Ufa ulipoonekana, uliziwa kwa saruji. Lakini saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu kama chokaa ipitishavyo. Maji yaliyoingia juu hushindwa kutoka. Hukaa nyuma ya saruji pamoja na chumvi ya bahari, na chumvi ikikauka hujenga vichembe vinavyopasua jiwe kutoka ndani. Baada ya miaka utaona kiraka cha saruji kimesimama kizima, na tumbawe lililokizunguka limekuwa unga. Na pembeni ya kiraka, penye unyevu usiotoka, zulia la kijani hunawiri.

Kosa la tatu ndilo linalotuuma zaidi sisi walimu, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema. Katika mji mmoja wa pwani, ambao hatuna haja ya kuutaja, tuliwakuta wanafunzi wamepelekwa kusafisha kaburi la kale. Walikuwa na brashi za waya na vipande vya bati, nao walikwangua kuvumwani kwa bidii mpaka jiwe likawa jeupe kama mfupa. Mwalimu wao alijivunia kazi hiyo. Lakini pamoja na kuvumwani ulikuwa umetoka uso wote wa lipu, na kilichokuwa kimechorwa juu ya uso huo hakitajulikana tena. Ikumbukwe kwamba juu ya lipu za kuta za kale za pwani hii, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo, mabaharia au watoto wa zamani walichora kwa ncha kali picha za vyombo: milingoti, matanga, kamba. Michoro hiyo ina kina cha ukucha tu. Ni miongoni mwa ushahidi mchache tulio nao wa jinsi vyombo vya mwambao huu vilivyokuwa kabla ya Wareno. Brashi ya waya huweza kukifuta chombo kizima kabla kengele ya adhuhuri haijalia. Afadhali mara elfu kuvumwani kibaki kuliko kukiondoa namna hiyo. Panapolazimika, hutumika maji safi, brashi laini na kijiti cha mti, na mtu huanza kwa kutazama, tena mwanga ukiwa wa ubavuni, asubuhi au jioni, wakati hata mkwaruzo mdogo huonyesha kivuli chake.

Wako wanaouliza kama basi isingekuwa heri kuyaacha majani yote. Swali hili si la kijinga. Huko Uingereza watafiti wamejaribu, mwanzoni mwa karne hii, kuweka kwa makusudi tabaka la udongo na majani mafupi juu ya kuta za magofu, nao wameona kwamba tabaka hilo linaweza kuukinga utosi wa ukuta na baridi na mvua. Lakini majani yao ni majani ya nchi baridi yanayobaki mafupi. Sisi tukiweka udongo juu ya ukuta wa Makutani mwezi wa Novemba, kabla masika haijaisha tutakuwa tumepanda msitu.

Na bado liko jambo moja Kilwa ambalo halikubali jibu jepesi, nalo liko Husuni Kubwa. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza: kwenye jabali la Husuni udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua, na jumba lilikuwa hatarini kufuata udongo huo. Ya pili: pale uoto ulipositawi juu ya jabali, ulipunguza mmomonyoko, lakini mizizi yake ilikuwa ikiyapasua majengo. Yaani kichaka kile kile kilikuwa mlinzi wa jabali na mbomoaji wa ukuta uliosimama juu yake. Ukikifyeka waipoteza ardhi, ukikiacha waupoteza ukuta. Hakuna sheria ya jumla itakayomsaidia mtu hapo. Yampasa asimame mbele ya kila kichaka na kuuliza mizizi yake imeshika nini: udongo au chokaa.

Hatari ya bahari ilitazamwa kwa namna hiyo hiyo. Mawimbi yalikuwa yakila ufuko chini ya Gereza na Makutani, na miongoni mwa kinga zilizotumika, pamoja na kuta za mawe, ni kupanda mikoko ili ivunje nguvu ya maji. Mti ambao mababu waliukata kupata boriti za kubeba mapaa sasa ulipandwa ili kulinda kuta zilizokosa mapaa. Serikali yetu ilifanya kazi hizo kwa miaka kadhaa ikisaidiana na nchi rafiki zikiwamo Ufaransa na Japan, na baadaye shirika la World Monuments Fund. Waashi wa vijijini walifundishwa upya kazi ya chokaa, na wanakijiji wakawa na kamati zao za magofu. Mwaka 2014 Kilwa na Songo Mnara zikaondolewa katika orodha ya hatari.

Wengi walifurahi, nasi tulifurahi. Lakini tungependa wanafunzi waelewe kilichoondolewa ni nini. Jina ndilo lililoondolewa katika orodha. Mvua haikuondolewa, wala ninga, wala mbegu. Fedha za miradi huja kwa vipindi, na mradi huwa na mwisho wake ulioandikwa. Uoto hauna mwisho ulioandikwa. Ukuta uliosafishwa vizuri na kuzibwa utosi wake kwa chokaa waweza kukaa misimu kadhaa bila taabu. Ukiachwa kidogo zaidi, zamu ya kwanza imerudi. Ukiachwa miaka kumi, kazi huanza upya, tena katika ukuta uliodhoofika. Kwa maoni yetu fedha ndogo ya kila mwaka ya kumlipa mwashi mmoja na vijana wanne wenye ngazi ingalifaa kuliko fedha kubwa ijayo mara moja kila miaka 20.

Wala tusiwasahau wakazi. Kilwa Kisiwani si bustani ya makumbusho yenye uzio. Ni kijiji. Watu hulima kati ya kuta, mbuzi hulishwa uani mwa nyumba za mabwana wa kale, na wako wanaozuru makaburi ya wazee na masharifu na kuyafagia kwa desturi yao wenyewe, bila kuagizwa na idara. Mara nyingine mtaalamu ameona mbuzi ni uharibifu. Lakini mbuzi huyo ndiye aliyekula miche mingi ya chini ya ukuta kabla haijawa miti, ingawa ni kweli kwamba hupanda pia juu ya mawe yaliyolegea na kuyaangusha. Hapa tena yatupasa kutazama mahali na mahali, na kumwuliza mwenye mbuzi, ambaye ameuona ukuta huo kila siku ya maisha yake.

Safari yetu ya mwisho Kisiwani ilikuwa mwanzoni mwa kusi, mvua zikiwa zimekwisha na kila kitu kikiwa kijani. Mzee mmoja mwashi alitupeleka nyuma ya ukuta usiotembelewa sana na wageni, akatuonyesha kisiki cha mkuyu kilichokatwa usawa wa mawe, pembeni mwake pamezungushwa chokaa nyeupe ya karibuni. Juu ya kisiki palikuwa na machipukizi matatu, majani yake yakimeta.

“Walimu, huyu mnamwona?” alituambia. “Nimemkata mara nne. Nikimkata huku, hutokea kule.”

Tulimwuliza kama hachoki. Hakutujibu. Aliusogeza ngazi wake ukutani, akautikisa kuona kama umesimama imara, akachomoa panga kiunoni na kuanza kupanda.